Nani amgeuze mgonjwa usiku?

Ndugu Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita ulichapisha barua ya msomaji mmoja wa mji wetu wa Lubumbashi aliyelalamika kwamba vyumba vya wagonjwa vimejaa ndugu wanaolala chini kwenye mikeka, wanaosonga bukari (ugali) uani na kuanika nguo madirishani, akataka wakuu wa hospitali wawatoe wote na wawaruhusu kuingia saa za kutazama wagonjwa tu. Nimeisoma barua hiyo mara tatu. Mengi aliyoyaeleza ni kweli, nami mwenyewe nilipokuwa kazini niliyakemea mara nyingi. Lakini liko swali moja ambalo ndugu yetu hakuliuliza, nami naomba nafasi katika gazeti lako niliulize: ndugu hao wakishatolewa, ni nani atakayemgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza?

Nauliza hivyo nikiwa muuguzi niliyefanya kazi miaka 31, kwanza katika mji wa Likasi na baadaye hapa Lubumbashi, hadi nilipostaafu. Nauliza pia nikiwa garde-malade, yaani ndugu anayekaa hospitalini kumtunza mgonjwa wake, kwa sababu mwaka jana, katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba, nilikaa majuma matano kando ya kitanda cha yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ambaye kiharusi kilimpata asubuhi moja akiwasha makala (mkaa), akapooza upande wote wa kuume na kupoteza usemi. Hospitali yenyewe siitaji, maana niliyoyaona pale nimeyaona na kwingine, na baadhi yake niliyatenda kwa mikono yangu mwenyewe nilipokuwa kijana katika kazi. Sina nia ya kumshitaki mtu. Nataka tuzungumzie kazi moja ya uuguzi ambayo imetutoka mikononi pole pole, bila mtu yeyote kukaa na kuamua kwamba itutoke.

Usiku wa kwanza muuguzi wa zamu alikuja, akatazama serumu (dripu), akapima shinikizo la damu, akaandika, na alipokuwa tayari anaelekea kitanda kingine akaniambia, "Mama, msisahau kumgeuza." Hakujua kwamba mimi ni wa kazi hiyo. Hakuniambia nimgeuze vipi, kila baada ya saa ngapi, aanze kulalia upande gani, wala ni mkono upi nisiuguse. Chumba kilikuwa na vitanda 28 na wauguzi wa usiku walikuwa wawili, kwa hiyo siwezi kumlaumu kwa kukimbia. Ila maneno yale yale alikuwa amemwambia pia msichana wa kitanda cha jirani, mtoto wa miaka kama 15 hivi, aliyeachiwa nkambo wake, yaani bibi yake, kwa sababu mama yake aliuza vitu katika soko la Kenya, mtaa wa mji wetu, na hakuweza kuiacha meza siku nyingi.

Mtoto yule alitii. Kila alipokumbuka, mchana na usiku, aliinuka kwenye mkeka, akamshika bibi mkono na kumvuta. Mkono aliouvuta ndio uliopooza, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu naye, na bibi, ambaye naye hakuweza kusema, alikunja uso tu. Ili kumpunguzia maumivu ya kulala chali, msichana alisokota kikwembe akafanya ngata, ile ile tunayoiweka kichwani tukibeba ndoo ya maji, akaitia chini ya kifandugu. Ukifikiri utaona alikuwa na akili: ikiwa ngata huzuia ndoo isiumize kichwa, kwa nini isizuie kitanda kisiumize mwili? Siku ya sita, nilipokuwa nikirudi kutoka bombani, nilisikia harufu ambayo muuguzi haisahau. Nikaomba ruhusa kwa bibi, nikafunua. Ngozi ilikuwa imeiva ikawa nyeusi kuliko weusi wake, katikati imefunguka mahali padogo kama kizibo cha chupa, na nilipogusa pembeni kwa glavu nyama ya ndani ilibonyea kama embe lililooza ilhali ganda bado zima. Msichana alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniuliza, "Mama, ni nini nilifanya mubaya?"

Hakufanya baya lolote. Alitumwa kazi ya watu waliosomea miaka minne, bila kuonyeshwa hata mara moja.

Wasomaji wengi huviita vidonda vya kitanda, na waganga wetu wa hospitali huviita eskari, na wako wanaodhani kwamba vinaletwa na ugonjwa, au uzee, au uchafu. Vinaletwa na uzito. Mwili ukikaa mahali pamoja bila kusogea, nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo inajifunga, damu haipiti, na baada ya saa chache tu nyama inaanza kufa. Mara nyingi inaanza kufa kule ndani karibu na mfupa, ndiyo maana kidonda kinapotokea juu ya ngozi, ujue kwamba chini kimekwisha kuwa kikubwa. Ngata haisaidii kwa sababu hiyo hiyo: inaukandamiza mzunguko wake wote na kuinyima damu ngozi iliyoko katikati. Hata glavu zilizojazwa maji, ambazo mimi nilifundishwa kuziweka chini ya visigino, leo hazishauriwi tena, wala kusugua kwa mafuta au spiriti mahali palipokwisha kubadilika rangi, kwa maana unasugua nyama iliyojeruhiwa tayari. Tulisugua miaka mingi kwa upendo wote, na tuliumiza.

Jambo jingine naliandika kwa ajili ya wauguzi vijana, kwa sababu vitabu vingi walivyosomea viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Vinasema dalili ya kwanza ni wekundu usiotoweka ukiubonyeza kwa kidole. Juu ya ngozi ya bibi yule wekundu huo usingeonekana hata mchana kweupe, sembuse usiku umeme umekatika na unamulika kwa simu. Kwa watu wetu inabidi kupeleka mgongo wa mkono kwenye kifandugu, nyonga, visigino, viwiko na kisogo, na kulinganisha na ngozi ya jirani: je, pana joto zaidi, au baridi zaidi, pamekuwa pagumu, au laini kupita kawaida, pameingia rangi ya zambarau? Na inabidi kumwuliza mgonjwa kama panauma. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau, nalo ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Usiku wa nne aliingia muuguzi mwingine, kijana ambaye nadhani hakuwa amefikisha miaka 25. Alikizunguka kitanda ili aje upande wa kushoto, upande ambao yaya bado aliuona vizuri, akavuta kiti, akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya mgonjwa. Akatia vidole vyake katika kiganja cha yaya na kusema, "Mama, ikiwa ni ndiyo, nifinye mara moja. Ikiwa ni hapana, mara mbili." Akangoja. Akauliza kama anasikia baridi, yaya akafinya mara mbili. Akauliza kama mgongo unauma, mara moja. Akauliza, "Mama, tukikugeuza unaogopa kuanguka?" Yaya alifinya mara moja, akaendelea kufinya bila kuachia, na machozi yakaanza kumtiririka kuelekea sikioni.

Siku tatu nzima mimi, mdogo wake wa tumbo moja na muuguzi wa miaka 31, nilikuwa nimemgeuza kwa ustadi wote, kwa saa zake, mito mahali pake, na sikumwuliza neno. Alipokakamaa mikononi mwangu nilidhani kwamba ni misuli ya ugonjwa. Kumbe kila nilipomzungushia kwenye ule upande asiousikia, yeye aliona anatupwa shimoni.

Kijana alinisimamisha ukingoni mwa kitanda upande wa kuume, akamwambia, "Tazama, mdogo wako yuko hapa, hawezi kukuacha." Kisha akaniomba nishike kikwembe kiwe pazia, kwa kuwa pembeni walikuwapo watu, na kwa kuwa yeye ni kijana wa kiume na aliyelala ni mama wa umri wa mama yake, jambo ambalo katika desturi zetu halipitwi hivi hivi. Akamfunika kote asipohitaji kupagusa. Bega lililopooza akalisogeza mbele kwanza ili asilale juu yake. Akasema, "Mama, niko nakugeuza sasa, kunja goti la kushoto, usukume nami." Naye yaya akakunja goti, akasukuma, akapeleka mkono wa kushoto akashika ukingo wa kitanda. Mwili ambao jana ulikuwa mzito kama gunia la mahindi uligeuka kana kwamba ulikuwa unangoja kuombwa. Mto mmoja ukaingia nyuma ya mgongo ili alale kwa kuinama kidogo tu, asiegemee mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mwingine kati ya magoti. Bulangeti lililokunjwa chini ya miguu ili visigino viwe hewani. Hata lile bulangeti zito la baridi alilokuwa amefunikwa alilegeza miguuni, lisije likavilaza vidole mpaka mguu usahau kusimama. Kazi yote haikufika dakika tano.

Watu wakiniambia kwamba wauguzi hawana nafasi ya kuzungumza na wagonjwa, mimi hukumbuka dakika hizo. Najua hali ilivyo. Najua kwamba wauguzi wengi wa hospitali za Serikali hawajaingizwa bado katika orodha ya mishahara, kwamba wanaishi kwa kipato kidogo kinachogawanywa hospitalini, na kwamba wengine wanatoka zamu ya usiku wakaenda kutafuta pesa ya shule ya watoto. Siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo aongeze kazi. Lakini mgonjwa asiyeambiwa anachofanyiwa hujikaza, hushika nguo yako, hukusukuma kule unakotaka kutoka, na unahitaji watu watatu kumwinua. Aliyeambiwa hufanya nusu ya kazi mwenyewe. Neno la kumwandaa si nyongeza juu ya kazi ya kugeuza. Ni sehemu yake, kama vile kunawa mikono kulivyo sehemu ya kufunga kidonda.

Shuleni tunasoma mambo haya. Kila aliyepita shule zetu za uuguzi ameyakariri mahitaji 14 ya Virginia Henderson, yule muuguzi wa Marekani, na anajua kwamba la nne ni kujongea na kukaa katika hali iliyo njema. Anajua pia kwamba kwa Henderson muuguzi humfanyia mgonjwa yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa, na humrudishia mambo yake mapema iwezekanavyo. Tunapata alama nzuri za mtihani kwa kuandika hayo. Kisha tunaingia chumbani na kazi ya kwanza tunayomwachia mtu asiyesoma ni hiyo hiyo ya nne.

Mwaka 1962 huko Uingereza muuguzi Doreen Norton na wenzake walitoa kipimo chepesi ambacho hakihitaji mashine wala pesa. Unatazama mambo matano, yaani hali ya mwili, hali ya akili, kama mgonjwa anatembea, kama anajigeuza, na kama anaweza kuzuia haja. Kila moja unalipa alama 1 hadi 4, na jumla ikiwa 14 au chini yake, mtu huyo yuko hatarini. Usiku ule baada ya kumfunga bibi kidonda nilimpigia hesabu hiyo kichwani na nikapata 8. Ingefanywa siku alipoingia, ingechukua dakika moja, na mtu angejua kwamba kitanda kile hakiwezi kuachiwa mtoto.

Lugha yetu husema mgonjwa "amelazwa", na naona kwamba sisi sote, waganga na ndugu, tumelishika neno hilo kwa uzito kupita kiasi. Ndugu akimwona mgonjwa ameketi anamwambia alale apumzike. Lakini daktari Mwingereza Richard Asher alionya tangu mwaka 1947 kwamba kitanda chenyewe kinaleta magonjwa, na yaliyofuata yalimthibitisha: damu kuganda katika miguu, mapafu kujaa, choo kufunga, viungo kukakamaa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya siku 10 tu, nao walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima na walikula vizuri. Mtu wetu aliyeingia amekonda, anayengoja bukari iletwe kutoka mtaa wa Katuba, anapoteza nini kwa majuma matano? Kwa hiyo pale daktari anaporuhusu, mgonjwa aketishwe, kwanza ukingoni mwa kitanda huku miguu ikining'inia, aangaliwe kama kichwa kinamzunguka, ndipo ahamie kwenye kiti kilichowekwa upande wake wenye nguvu. Siku yaya alipoketi mara ya kwanza alitazama dirishani muda mrefu sana, na alipotugeukia alitamka neno lake la kwanza tangu augue, jina la mjukuu wake.

Narudi sasa kwa msomaji aliyetaka ndugu wafukuzwe. Naungana naye kwamba watu watano kwa mgonjwa mmoja ni wengi, na kwamba moto wa makala usiwe karibu na madirisha. Abaki mmoja. Lakini huyo mmoja apokelewe kama mtu wa kazi: siku ile ile ya kuingia, muuguzi amgeuze mgonjwa mbele yake akimweleza, kisha amwambie, "Sasa fanya wewe, nami nikutazame." Aonyeshwe kumwinua mgonjwa kwa kikwembe kilichotandikwa chini yake, watu wawili, mmoja kila upande, badala ya kumburuta, maana kuburuta kunachuna ngozi hata kama mifupa haikubana. Aambiwe asivute kamwe mkono uliopooza, kwani bega lake halina tena misuli ya kulishikilia na linaweza kutoka mahali pake. Aambiwe kwamba lile godoro lililofunikwa plastiki linatoa jasho, na kwamba kitambaa kikavu juu yake ni dawa.

Hata hivyo kugeuza kubaki kwa muuguzi. Ndugu ni msaidizi. Naomba katika kila kitanda cha mgonjwa asiyejigeuza itundikwe karatasi yenye saa, upande aliolazwa, hali ya ngozi na sahihi ya muuguzi, kama tunavyoandika joto na shinikizo la damu. Kanuni ya zamani ni kila saa mbili. Mwenye ngozi dhaifu atahitaji upesi zaidi, na mwingine ataweza kungoja, na hapo ndipo akili ya muuguzi inapohitajika. Karatasi hiyo ikikosa sahihi tangu saa nne za usiku hadi asubuhi, mkuu wa chumba atajua la kuuliza, na Serikali itajua kwamba wauguzi wawili hawatoshi vitanda 28. Leo hakuna anayejua, kwa sababu pengo hilo linazibwa na mtoto wa miaka 15 aliyeacha shule kwa muda.

Yule msichana nilimfundisha mwenyewe, na kijana wa zamu ya usiku alimsahihisha. Kufikia juma la tatu nilimwona akimwonyesha baba mmoja wa kitanda cha mwisho jinsi ya kuweka mto, akimwambia, "Kwanza umwambie, baba, halafu umguse." Kidonda cha nkambo wake kilifunga baada ya miezi minne, nyumbani, na nilikuwa nikienda kukifunga mara mbili kwa juma.

Ikiwa hospitali au kituo chochote cha mji huu kinakubali kuwakusanya ndugu wa wagonjwa kwa saa moja, mimi niko tayari kwenda kila siku ya tatu ya juma, bila malipo. Mhariri anayo anwani yangu. Nitakuja na kikwembe na mito miwili. Ninachohitaji ni kitanda kimoja na muuguzi mmoja wa hapo atakayesimama upande wa pili.

Muuguzi mstaafu,
Katuba, Lubumbashi